Binti Yangu Anaitwaje?

Kitanda kitupu, dirisha limefungwa, slipa zimepangwa chini kama za mtu aliyelala. Hapo ndipo nilipowaacha, na najua wapo mlionitukana. Tukaneni tu. Mkimaliza kusoma ya leo mtaongeza.

Kwa aliyefika leo: mimi ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Nalisha, naosha, nageuza wasioweza kujigeuza. Mume alishaniacha, kazi ya kwanza ilishaniponyoka, hayo niliyasimulia na sina nguvu ya kuyarudia. Kazi hii ya pili niliipata kwa uongo mmoja.

Mzee wa chumba cha mwisho alikuwa mtu maarufu. Kama umri wetu unalingana, ulimwona kwenye televisheni akiwa amevaa koti refu: yule jasusi wa *Ofisi ya Chini*, tamthilia iliyokuwa ikifanya barabara zibaki tupu. Mashabiki tunamwita Koti mpaka leo. Sasa akili yake imeondoka na kumwachia koti peke yake. Hajui tena kwamba ile ilikuwa kazi ya kuigiza. Kwake yeye ni jasusi kweli, na nyumba yetu ni maficho.

Ana binti mmoja. Nitamwita Mwalimu, maana ndiyo kazi yake, anafundisha hesabu sekondari. Alipomleta baba yake alimwomba matroni jambo moja tu: asiguswe na shabiki.

Ana sababu. Siku ya kumzika mama yake, shabiki mmoja alipenya katikati ya waombolezaji, akamnyooshea baba picha na kalamu aweke saini, pale pale kaburini. Na baba mtu akaweka.

Basi siku ya usaili niliulizwa kama naijua *Ofisi ya Chini*. Nikajibu, "Kwetu hatukuwa na televisheni." Hapo sikudanganya. Nilichomeza ni kwamba jirani alikuwa nayo, na marehemu baba yangu alikuwa akinibeba mabegani tuchungulie dirishani kwake. Nimo kwenye chama cha mashabiki tangu usichana wangu.

Mzee alikuwa amegoma kula. Nikakumbuka kwamba kwenye tamthilia chai salama ni ile ya kikombe ambacho kishikio kimeelekea kushoto. Nikageuza kikombe. Akanywa, akala, akarudisha mwili. Matroni akanisifu mbele ya wenzangu, Mwalimu akanikumbatia akilia, nami nikavimba kichwa. Nikaenda kuyamwaga yote chamani.

Mwenyekiti wetu ni kinyozi, tunamwita Kofia kwa sababu kofia yake haivui ila mkutanoni. Akanibembeleza nimwingize amnyoe Koti ndevu, mara moja tu, hata picha hatapiga. Nikamwingiza. Nikaenda kuchota maji ya moto. Niliporudi na karai, kinyozi hayupo, mzee hayupo.

Sasa tuendelee.

Niliweka karai chini, nikainama kuangalia chini ya kitanda, maana wazee wengine hujificha huko. Hakuna kitu. Nilipoinuka ndipo macho yakaangukia mto.

Juu ya mto palikuwa na kofia. Nyeusi, ya ukingo mpana. Imepinduliwa, tundu juu.

Nikaelewa papo hapo.

Nieleze. Chamani kwetu, mtu akiingia mkutanoni huvua kofia na kuipindua mezani. Ndiyo salamu yetu. Tumeifanya miaka na miaka, tunacheka, tunasema sote hapa ni watoro, huyu katoroka mke, yule katoroka kazini. Kofia alipomwona Koti kwa macho yake, mkono ulifanya ulichozoea. Alimsalimia tu.

Lakini salamu hiyo tuliitoa kwenye tamthilia, na kule haikuwa salamu. Kofia iliyopinduliwa kitandani ilikuwa na maana moja: maficho yamejulikana, toka sasa hivi, usirudi.

Nikampigia Kofia. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Mwanamume mzima na ndevu zake, ameona alichofanya akakusanya mikasi akakimbia.

Nikatoka mbio hadi jikoni. Mpishi alikuwa anamenya viazi.

"Umemwona mzee wa chumba cha mwisho?"

"Si kapita hapa? Kaniambia supu yangu nzuri. Nikadhani uko nyuma yake."

"Kaelekea wapi?"

Mpishi akanyoosha kisu kwenye mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi, na nje mvua ilikuwa inanyesha ile ya rasharasha isiyokata. Kwenye tamthilia Koti huwa anatoka kwa mlango wa jikoni. Siku zote. Watoto wa enzi zile wote wanajua.

Na anakokwenda pia tunakujua. Jasusi aliyefukuzwa maficho hupanda juu ya paa la kiwanda cha sabuni, akasubiri mwenzake amletee chai. Tamthilia waliirekodi pale pale mjini kwetu, na kiwanda bado kipo, kimefungwa, mtaa wa tatu kutoka kwenye nyumba ya wazee. Kila mwaka chama chetu hupanda kupiga picha.

Nikageuka niondoke, nikamgonga mtu kifuani.

Mwalimu. Ilikuwa siku yake ya kuja kumwona baba, na chumba amekikuta kitupu. Ameshika mfuko wa machungwa, nyuma yake matroni na simu sikioni anawaita polisi.

"Dada," akasema, "baba yangu yuko wapi?"

"Najua alipo. Twende na gari lako."

"Unajuaje?"

"Twende kwanza, Mwalimu. Nitakwambia njiani."

Nikamwomba matroni awaambie polisi wasipige king'ora. Akaniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Alikuwa na haki.

Ndani ya gari nikamwelekeza barabara. Akaendesha kama anavyofundisha, bila neno la ziada. Kwenye kona ya kwanza akauliza tena.

"Unajuaje?"

"Kiwanda cha sabuni ndiko Koti anakokimbilia."

Lile jina lilinitoka lenyewe. Hakuna mtu pale nyumbani anayemwita mzee Koti. Ni sisi tu.

Akakanyaga breki. Aliyekuwa nyuma yetu akapiga honi mpaka akachoka.

"Wewe ni mmoja wao."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulisema kwenu hamkuwa na televisheni."

"Hatukuwa nayo. Jirani alikuwa nayo."

"Shuka."

Nikashuka. Mvua ikaanza kunilowesha sare. Nikawaza, sasa nimemkosa mzee, nimekosa kazi, na huyu mwanamke aliyenililia begani nimemkosa pia. Gari halikuondoka. Kioo kikashuka kidogo.

"Panda. Ningejua njia ya kupandia huko juu ungebaki hapo hapo."

Nikapanda. Nikamweleza yote, kofia, kinyozi, salamu ya chama. Wipa zinakwenda, yeye anatazama mbele.

"Unadhani mimi siijui ile tamthilia?" akasema nilipomaliza. "Ndiko nilikokuwa namwona baba. Nyumbani alikuwa anakuja kulala. Mimi na mama tunakaa sakafuni tunamtazama kama ninyi. Mpaka siku ile alipotokea msichana akamwita baba."

"Kisa cha binti bandia."

"Sikujua ni bandia. Nilikuwa mdogo. Niliona baba yangu ana mtoto mwingine ndani ya televisheni, anamsikiliza kuliko mimi. Nikalia mpaka nikatapika. Mama akaizima, haikuwashwa tena."

Kwa hiyo hakuona mwisho wa kisa. Miezi yote hii nilidhani labda aliuona na kuusahau.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshakiri vya kutosha kufukuzwa. Lakini nilijua mzee atauliza kule juu, na asiyejua jibu atamwangusha.

"Mwalimu, kuna lingine."

"Sema."

"Kila ukija anakuuliza swali."

"Ananiuliza, 'Binti yangu anaitwaje?' Na mimi namtajia jina langu. Kisha ananitukana, ananirushia kikombe, anasema hana mtoto. Daktari kasema ni ugonjwa."

"Ni ugonjwa. Lakini maneno hayo yaliandikwa."

"Yaliandikwa na nani?"

"Na watunzi wa tamthilia. Wale majasusi hawaruhusiwi kujuana familia. Maadui wakamletea msichana wa kujifanya binti yake. Tangu siku hiyo Koti humuuliza kila mtu, binti yangu anaitwaje? Mwenzake wa kweli hujibu, 'Sijui, wala sitaki kujua.' Akitokea mtu analijua jina, huyo ni adui."

Tukapita shule, tukapita kituo cha mafuta.

"Kwa hiyo mimi nikijibu sawa ndiyo nakosea."

"Ndiyo."

"Na nikisema sijui?"

"Atakuamini. Atakuona mwenzake."

"Mwenzake. Si mtoto wake."

"Si mtoto wake, Mwalimu."

"Na wewe umekuwa ukisimama mlangoni na trei yako unanisikiliza nikijibu."

"Ndiyo."

"Kila wiki."

"Ningekwambia ungejua mimi ni nani. Ungeniondoa pale."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alifuta pua kwa mgongo wa mkono, kama mwanafunzi, akaniuliza tunakata kushoto au kulia.

Kiwanda cha sabuni ni ghorofa nne za matofali na madirisha yaliyopasuka. Getini kuna kibanda, na ndani yake mlinzi na birika lake la chai.

"Kuna mzee amepita hapa?" nikauliza.

"Wa pajama? Yuko juu." Mlinzi akatabasamu. "Nikajua ni ninyi watu wa tamthilia, mmeanza mapema mwaka huu. Nikamfungulia. Hata saluti nimempigia. Duh, yule kapatia kweli, kafanana naye sana!"

Miaka yote tumepita getini kwake na makoti yetu ya kuazima na bastola za mbao, tumemzoesha wenyewe. Mzee wa watu, miguu mitupu, pajama imeloa, anapanda ngazi za chuma kwenda kwenye paa, na mlinzi anampigia saluti.

Nikapanda mbio. Ngazi ziko nje ya jengo, zimekula kutu, zinalia kila unapokanyaga. Nikatoa kichwa juu.

Alikuwa upande wa pili wa ukuta mfupi wa ukingo, ule unaofika magotini. Alisimama kwenye kibaraza chembamba, mgongo kwenye hewa, mkono mmoja umeshika bomba la chuma. Pajama ya mistari imemganda mwilini. Miwani yake niliiacha juu ya kabati chumbani, nikaikumbuka wakati huo ambao haina msaada.

"Mzee wangu," nikasema taratibu. "Ni mimi."

Akageuza shingo. Sare yetu ni ya manjano kali, hata kipofu ataiona.

"Wewe ni wa nyumba ile."

"Ndiyo, mzee. Nimekuletea..."

"Nyumba ile imejulikana."

"Haijajulikana. Kuna mtu alikosea, ile kofia haikuwa..."

"Nani kakwambia habari za kofia?"

Nimeitazama tamthilia ile mpaka naijua kila ilipokohoa, na bado nikajiingiza mtegoni kama mgeni. Mwenzake asingetaja kofia. Kofia haitajwi.

Mzee akasogea nyuma. Kisigino kikapata hewa, kikarudi.

"Ondoka," akasema. "Ukipiga hatua moja, hamtapata neno kutoka kwangu."

Kauli hiyo nayo ni ya kwenye tamthilia. Nilikuwa naipenda. Chamani tulikuwa tunaisema kwa pamoja, mikono vifuani, tunacheka. Nikashuka kinyumenyume, nalia.

Chini Mwalimu hakuuliza. Aliona uso wangu.

"Sare imenikataa," nikasema. "Kwake mimi ni adui. Lazima uwe wewe."

"Atanijua. Ndimi yule yule mwanamke wa kila wiki."

"Hana miwani. Funika kichwa, sauti iwe ya chini."

Mlinzi alikuwa ameshaelewa, uso umemshuka. Akavua koti lake la mvua bila kuombwa, refu, jeusi, lenye kofia yake ya kuvuta, akamvisha Mwalimu. Akamimina chai kwenye kikombe cha bati.

"Kishikio kushoto," nikamwambia. "Yeye atasema, 'Chai imepoa.' Wewe useme, 'Hata baridi inanyweka.'"

"Hata baridi inanyweka."

"Usimwite baba. Hata ateleze, usiseme baba."

"Nimesikia."

"Akikuuliza lile swali?"

"Sijui, wala sitaki kujua."

"Rudia."

"Sijui. Wala sitaki kujua." Akakipokea kikombe. "Naweza. Miaka mingapi nafundisha watoto kukariri wasichokielewa?"

Akapanda mbele, mimi nyuma yake. Kwenye ngazi ya mwisho nikalala kifudifudi, nikabakisha macho tu juu ya paa. Mlinzi alibaki chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, kama vile ingesaidia.

Mwalimu alitembea polepole. Kikombe amekinyoosha mbele, kishikio kushoto. Mvua inatumbukia ndani ya chai.

Mzee alilitazama koti. Akatazama kikombe. Mabega yakalegea.

"Chai imepoa," akasema.

"Hata baridi inanyweka."

Nikauma kidole nisitoe sauti. Mzee akanyoosha mkono ulio huru, akapokea, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa na kiu, masikini. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Umechelewa."

"Njia ilikuwa na macho," Mwalimu akajibu.

Hilo sikumfundisha. Alilitoa huko sakafuni alikokaa na mama yake.

"Nilidhani mmenisahau," mzee akasema.

"Hatukukusahau."

"Nimezeeka, rafiki yangu. Nimeshikiliwa pale muda mrefu. Wananilisha, wananiogesha, wananiita babu." Akacheka kidogo, akakohoa. "Wasichojua ni kwamba sijasema kitu."

"Najua hujasema. Twende nyumbani. Njoo upande huu."

Alimnyooshea mkono. Mzee hakuupokea, lakini aliinua mguu mmoja akauvusha ukuta, ukakanyaga paa upande wetu. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mkono bado umeng'ang'ania bomba.

"Kuna jambo nataka ulichukue," akasema. "Nikifia njiani, lifike."

"Tutaongea chini."

"Chini kuna masikio. Sikiliza." Akainama karibu na kofia ya lile koti. Upepo ulikuwa unakuja upande wangu, nikasikia kila neno. "Nina binti."

Mwalimu akaushusha mkono.

"Wa kweli. Si wa kwenye karatasi. Ofisi haijui. Nilimkana mbele ya kila mtu ili wasimguse. Hata mama yake aliniona mimi ni jiwe. Na sasa wanamtumia. Kila wiki wananiletea mwanamke anajiita yeye."

"Mwanamke gani?"

"Sijui walimtoa wapi. Wamempatia, walahi, wamempatia. Sauti ile ile. Anakunja kipaji cha uso vile vile anapohesabu vidonge vyangu. Machungwa ananimenyea ganda lisikatike, kama nilivyomfundisha mwanangu." Mzee akatikisa kichwa, na maji yakaruka kwenye nywele zake nyeupe. "Siku nyingine nakaribia kumwamini. Ndizo siku ninazomtukana zaidi. Nikimwamini huyo, wa kweli atakufa."

Nilimwona Mwalimu kwa nyuma tu. Nilimwomba Mungu asigeuke. Nilitaka amshike sasa hivi, amvute, mambo yaishe, tukalie huko chini.

"Ukimwona wa kweli..." mzee akaanza.

"Nimwambie nini?"

Nilikiona kile kitu kikipita usoni mwake, nakijua, nimekiona kwenye kioo cha televisheni ya jirani nikiwa mabegani kwa baba yangu, na nimekiona kila wiki nikiwa mlangoni na trei. Macho yanakuwa madogo, kidevu kinapanda. Mguu ulioshavuka ukarudi mpaka kwenye ukingo wa ukuta.

"Kwanza nijibu," akasema. "Binti yangu anaitwaje?"

Mbali kule barabarani king'ora kikaanza kulia. Nilisema wasikipige.

"Jibu upesi!"

Mwalimu akageuza kichwa kidogo, akanitafuta pale kwenye ngazi. Uso wake ulikuwa umeloa, siwezi kusema ni mvua. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote. *Sijui*, nikamwambia kwa midomo bila sauti. *Wala sitaki kujua.* Sema, Mwalimu. Maneno manne tu, na tunaye.

Akanitazama. Nikaona kwamba ananisikia, na kwamba anajua ninachosema ni sahihi. Hakuna mwenye hesabu nzuri kuliko yeye.

Kisha akamgeukia baba yake, akaivuta ile kofia ya koti nyuma mpaka nywele zikawa wazi, akalitaja jina lake mwenyewe. Alilitaja lote, polepole, na mwisho kabisa la baba.

Mzee akaachia bomba.